Maswali ya Wasomaji: Baba akitweta, tumkalishe au tumtembeze?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu kifua, na sehemu kubwa zimetoka Tanga na vitongoji vyake. Nimechagua nne. Majina ya waandishi nimeyaficha kama walivyoomba wenyewe, na barua mbili nimezifupisha.

Shikamoo mtaalamu. Baba yangu ana miaka 68. Alifanya kazi ya mkonge kwa zaidi ya miaka 20, kwanza korona, yaani mashine ya kuchakata majani ya mkonge, na baadaye brashi, yaani kusugua na kusafisha nyuzi, na sigara alivuta mpaka alipostaafu. Hospitalini walimpima mapafu kwa mashine ya kupuliza, wakasema hii si pumu bali ni ugonjwa sugu wa mapafu, wakampa dawa ya kuvuta. Dawa inamsaidia, lakini akitoka chumbani hadi uani anatweta kama aliyepanda mlima. Sisi watoto tumekubaliana asifanye lolote: maji ya udhu tunampelekea, chakula tunampelekea, na msikitini hatumruhusu tena. Sasa daktari ameandika aende kwa watu wa mazoezi. Mama anauliza, mtu asiye na pumzi anafanyishwaje mazoezi? Na je, tumnunulie mtungi wa oksijeni? — Msomaji wa Makorora, Tanga

Marahaba. Swali la mama yako ndilo swali ambalo kila familia huniuliza siku ya kwanza, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu ukilielewa hilo, mengine yote yatakuwa mepesi.

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa wa aina hii anatweta kwa kuwa hewa haiingii. Ukweli ni kwamba hewa huingia, ila haitoki. Mirija ya hewa imekuwa myembamba kwa vumbi na moshi wa miaka mingi, na vifuko vidogo vya mapafu vimelegea kama mpira uliovutwa mno, kwa hiyo kabla hajamaliza kutoa pumzi ya kwanza tayari amevuta ya pili. Kifua chake kinakuwa kama daladala ambalo abiria wa ndani hawajateremka huku wengine wanaendelea kupanda. Anajiona amekosa hewa ilhali kifua kimejaa hewa iliyochakaa. Akiharakisha kuhema, kama afanyavyo mtu yeyote aliyeingiwa na hofu, ndiyo anazidi kuijaza. (Kuhusu vumbi la brashi, hukukosea kuitaja kazi hiyo: utafiti uliochapishwa 2007 kuhusu wafanyakazi wa mkonge hapa nchini uliona dalili za kifua kwa wingi, hasa kwa watu wa brashi.)

Sasa kuna ugonjwa wa pili ambao haukutoka kiwandani wala kwenye sigara, nao unatengenezwa nyumbani. Mtu anayetweta huacha kutembea, na misuli ya miguu isiyotumika hupungua na kusahau kuitumia oksijeni vizuri. Misuli dhaifu huchoka mapema, na ikichoka hudai pumzi nyingi zaidi kwa kazi ileile ndogo. Kwa hiyo mwaka jana baba alitweta akifika dukani, mwaka huu anatweta akifika uani, na mapafu yake huenda hayajabadilika sana katikati ya safari hizo mbili. Kilichobadilika ni mapaja. Nasema haya bila kuwalaumu. Kwetu pwani mzazi akifikia umri huo huambiwa, "Kaa baba, tutakuletea," na mtoto anayesema hivyo amelelewa vema. Tatizo ni kwamba misuli ya paja haijui adabu, inajua kazi tu.

Hapo ndipo inapoingia fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Programu ya mazoezi ya wagonjwa wa mapafu kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 12, akihudhuria angalau mara 2 kwa wiki chini ya uangalizi, na siku nyingine akifanya nyumbani. Siku ya kwanza atapimwa ni umbali gani anaweza kutembea kwa dakika 6 katika korido yenye urefu wa mita 30, akienda na kurudi kwa mwendo wake mwenyewe na akiruhusiwa kusimama kupumzika. Programu ikimalizika atapimwa tena. Msitarajie kuwa mashine ya kupuliza itatoa jibu tofauti na la mwanzo, maana mazoezi hayaondoi uharibifu wa mapafu. Yanayobadilika ni miguu, namna ya kupumua, na ile hofu. Akiongeza mita 30 tu katika kipimo hicho, kwa kawaida mgonjwa mwenyewe huihisi tofauti katika shughuli zake, na wapo wanaoongeza zaidi ya hapo. Anzeni kwa kuuliza idara ya fiziotherapia katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, mkiwa na barua ya daktari na dawa zake zote mkononi.

Wakati mkisubiri siku yake, kuna jambo moja anaweza kujifunza leo jioni. Mwambieni akumbuke anavyokunywa kahawa chungu barazani. Finjani ikiwa ya moto haipulizi kwa nguvu kama anayevuvia kuni, kwa sababu kahawa itamrukia. Huikusanya midomo kidogo na kuipuliza polepole, pumzi ndefu nyembamba, mpaka uso wa kahawa utikisike bila kumwagika. Pumzi hiyohiyo ndiyo tunayoitaka. Avute hewa kwa pua akihesabu moja, mbili. Kisha aitoe kwa midomo ya finjani akihesabu moja, mbili, tatu, nne. Asisukume kwa tumbo wala asikaze shingo. Midomo ikiwa imekusanywa hivyo, shinikizo dogo hubaki ndani ya mirija na kuizuia isijifunge kabla hewa haijatoka, na mwendo wa kupumua hupungua. Nimewahi kukaa na mzee aliyekuja akiwa anahema mara 30 kwa dakika, tulifanya hivi pamoja kwa dakika chache bila dawa yoyote, mabega yakashuka, akaniambia, "Kumbe nilikuwa naikimbiza pumzi." Aifanye kwanza akiwa ametulia, ili siku akibanwa mwili uwe umeshaizoea.

Mkao nao husaidia. Akibanwa akiwa amekaa, ainame mbele kidogo na kuegemeza viwiko juu ya magoti. Akiwa amesimama, aegemee ukuta au meza kwa mikono yote miwili. Mikono ikipata pa kuegemea, misuli ya mabega na kifua hupata nafasi ya kusaidia kupumua. Sisi wa Tanga tuna bahati ya baiskeli. Mgonjwa wangu mmoja alikataa katakata kutembea na fimbo kwa kuwa aliona ni alama ya uzee, lakini alikubali kukokota baiskeli yake akiegemea usukani, na kwa namna hiyo alikwenda mbali zaidi kuliko alivyokwenda mikono mitupu. Majirani walidhani amepata pancha. Hakuwasahihisha.

Kuhusu kiasi, mfundisheni kujipima kwa namba: sifuri ni kupumua kwa raha kabisa, na 10 ni kubanwa kusikovumilika. Akitembea, alenge kati ya 3 na 5, yaani ahisi anahema lakini aweze kutamka sentensi fupi. Akipita hapo asimame, apulize finjani, kisha aendelee. Aanze na dakika 5 au 10 hata kama atazikata vipande, na aongeze taratibu mpaka afikie dakika 20 hadi 30 kwa siku nyingi za wiki. Kutembea kukishamtulia, aongeze kusimama na kukaa kitini mara 5 hadi 10 bila kujisukuma kwa mikono, akitoa pumzi wakati wa kuinuka, na kunyanyua chupa za maji za nusu lita. Kanuni ya kutoa pumzi wakati wa sehemu ngumu itamfaa pia akianika nguo au akipanda ngazi. Kama daktari alimwandikia dawa ya kuvuta ya kufungua kifua kabla ya shughuli, aitumie dakika 10 hadi 15 kabla ya kuanza.

Na msikitini mrudisheni. Kama msikiti uko mtaa wa pili, mmemnyima mazoezi ambayo angeyafanya mara kadhaa kwa siku bila kubembelezwa na mtu. Aanze na alasiri, jua likipungua, mmoja wenu akiwa pembeni yake bila kumshika mkono. Udhu autie akiwa amekaa kwenye kiti na mguu mmoja mmoja akiupandisha juu ya goti, kwa maana kuinama muda mrefu kunabana tumbo dhidi ya kiwambo cha kupumulia. Sijida ikimbana kwa sababu hiyohiyo, aswali kwenye kiti. Ruhusa hiyo ya mgonjwa anaijua yeye kuliko mimi.

Mtungi wa oksijeni msinunue kwanza. Kubanwa na pumzi na kupungukiwa oksijeni katika damu ni mambo mawili tofauti, na wagonjwa wengi wanaotweta sana wana oksijeni ya kutosha. Isitoshe, kwa baadhi ya wenye ugonjwa huu oksijeni nyingi kupita kiasi huwadhuru, ndiyo maana wanapolazwa, hospitali hulenga oksijeni katika damu yao iwe kati ya asilimia 88 na 92 badala ya kufungulia mtungi mpaka mwisho. Hiyo iamuliwe na daktari baada ya kupima.

Asimamishe mazoezi na apelekwe hospitalini akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, midomo kugeuka rangi, au kubanwa kusikoisha hata baada ya kukaa. Makohozi yakizidi au yakibadilika rangi, ugonjwa umepanda. Atibiwe, na akishatoka hospitalini arudi kwenye mazoezi ndani ya wiki 4, wala asisubiri mpaka "apate nguvu," kwa sababu nguvu hizo hazitamkuta kitandani.

Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 41. Nilimaliza dozi ya kifua kikuu ya miezi 6 miaka miwili iliyopita, na makohozi yakapimwa yakawa safi. Lakini kila asubuhi nakohoa karibu saa nzima natoa makohozi mazito, na mchana naishiwa nguvu. Wifi zangu wamenitengea kikombe na sahani. Je, bado ninao? — Msomaji wa Muheza

Waaleikum salaam, dada yangu, na pole. Nianze na kikombe. Kifua kikuu huenea kwa hewa ya mgonjwa anayekohoa akiwa hajatibiwa. Hakienei kwa kikombe wala sahani, hata kwa yule ambaye bado anao. Wifi zako wasome aya hii.

Hata hivyo, kwa kuwa unakohoa kila siku, nenda ukapimwe makohozi upya kabla ya jambo lolote, maana ugonjwa unaweza kurudi. Yakitoka safi, uwezekano mkubwa ni kwamba vijidudu viliondoka lakini viliacha nyumba imebomoka: baadhi ya mirija ya mapafu imepanuka na kupoteza uwezo wa kufagia uchafu wake, na makohozi yanatuama humo usiku kucha. Dozi haikushindwa. Ilimaliza kazi yake, na kazi ya kufagia imebaki kwako.

Fanya hivi asubuhi kabla ya kifungua kinywa, na jioni ukiweza, ukiwa umekaa wima au umelala ubavu huku upande wenye makohozi ukiwa juu. Kwanza pumua kwa utulivu kwa dakika moja hivi, mabega yakiwa yamelegea. Kisha vuta pumzi ndefu mara 3 au 4, kila moja uishikilie hesabu ya tatu kabla ya kuiachia bila kusukuma. Hewa hiyo hupenya nyuma ya makohozi. Rudi kwenye utulivu. Halafu fungua mdomo na koo, na utoe pumzi kwa nguvu ya wastani kama anayepuliza ukungu juu ya kioo ili akifute: "haaah." Hiyo ndiyo kazi hasa. Kukohoa kwa nguvu mfululizo, kama unavyofanya sasa kwa saa nzima, hufunga mirija na kukuchosha, lakini "haaah" moja au mbili huyasogeza makohozi mpaka karibu na koo, na hapo kikohozi kimoja kinatosha. Rudia mzunguko wote kwa dakika 10 hadi 20. Temea kwenye kopo lenye kifuniko, usimeze. Baadhi ya watu hufundishwa kulala kichwa kikiwa chini kuliko kiuno. Wewe usifanye hivyo peke yako, hasa kama una kiungulia, presha, au umewahi kutema damu. Ukiona damu, acha mazoezi na uende hospitalini siku hiyohiyo.

Baada ya kusafisha kifua, tembea. Yote niliyomwandikia msomaji wa Makorora kuhusu mwendo na namba yanakuhusu nawe. Majirani zetu wa Uganda walijaribu programu kama hiyo mjini Kampala kwa watu waliobaki na mapafu yenye makovu baada ya kifua kikuu, mara 2 kwa wiki kwa wiki 6, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba walitembea mbali zaidi na kujisikia vizuri zaidi. Wengi wao walikuwa watu wa umri wa kufanya kazi, kama wewe.

Kaka yangu alipata kiharusi wiki tatu zilizopita, upande wa kulia hauna nguvu. Ndugu wanamkanda mkono kwa mafuta na kuuvuta ili "mishipa ifunguke." Bega limeanza kumuuma sana na usiku hulia. Tuendelee? — Msomaji wa Pangani

Kuvuta acheni leo. Bega hushikiliwa mahali pake kwa misuli, na misuli ya upande huo kwa sasa imelala. Mkiuvuta mkono, au mkimwinua kitandani kwa kumshika kwapani, mnalitoa bega kwenye tundu lake kidogo kidogo. Mafuta hayana ubaya yakipakwa kwa upole. Mkono uwekewe mto akiwa amekaa na akiwa amelala, usiachwe ukining'inia, na akisaidiwa kuinuka mshikeni kiunoni.

Lakini sikuiweka barua yako katika ukurasa wa kifua kwa bahati mbaya. Miongoni mwa mambo yanayowaua wagonjwa wa kiharusi ni homa ya mapafu, na mara nyingi chanzo chake ni uji. Mgonjwa analishwa akiwa amelala chali, koo halifungi vizuri, na kijiko kinachopaswa kwenda tumboni kinapita njia ya hewa. Kaka yako alishwe akiwa amekaa wima kabisa, kidevu kikielekea chini kidogo, kijiko kidogo kidogo, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Akikohoa au sauti ikawa kama ina maji baada ya kumeza, simamisheni kumlisha na mrudisheni hospitalini apimwe umezaji. Wiki tatu ni muda wa kutosha kabisa wa kuwa amekalishwa na kusimamishwa kila siku kwa msaada. Siku ya kwanza kabisa haraka haifai, na utafiti mkubwa uliotolewa 2015 ulithibitisha kwamba kumwinua mgonjwa mara nyingi mno ndani ya saa 24 za mwanzo kunapunguza uwezekano wa kupona vizuri. Ila ninyi mmeshapita huko. Mpelekeni fiziotherapia wiki hii, na anayemlisha aende naye, kwa kuwa yeye ndiye atakayefundishwa.

Bibi yetu ana kifua sugu na hataki kusikia habari za mazoezi. Anasema kujifukiza kwa majani na maji ya moto kunamtosha, na kila Ijumaa anapenda chumba kifukizwe udi. Tumwache? — Msomaji wa Chumbageni

Mvuke humlainishia pua na koo na kumpa nafuu ya muda, nami simnyimi mtu nafuu. Hauteremki mpaka kwenye mirija iliyoharibika wala haujengi miguu, kwa hiyo hauwezi kushika nafasi ya mazoezi. Hatari yake kubwa ni kuungua: mzee mwenye kizunguzungu, blanketi kichwani na sufuria inayochemka mbele ya magoti ni mpango mbaya. Sufuria iwe juu ya meza isiyotikisika, iwe imeshaepuliwa jikoni, na mtu awe karibu naye; akianza kubanwa blanketi liondolewe. Kuhusu mazoezi, neno lenyewe huenda ndilo linalomkera. Nimeona mabibi wengi wakikataa "mazoezi" na kukubali kwenda kumjulia hali shoga yao nyumba ya tano.

Udi ni suala jingine, nao nauzungumza kwa tahadhari kwa kuwa najua harufu hiyo ina maana gani nyumbani. Kwa mapafu, moshi ni moshi, uwe wa udi, wa ubani, wa kuni au wa dawa ya mbu ya kuwasha, na chumba kilichofungwa huuzidisha. Msimkataze. Chetezo kiwekwe chumbani asubuhi ya Ijumaa bibi akiwa ametoka kwenda kwa huyo shoga yake, madirisha yafunguliwe, na kaa liwe limekwisha kuzimwa kabla hajarudi. Harufu itakuwa imebaki kwenye mapazia na kwenye kanga zake.